Giza, Mbalamwezi na Chungu cha Familia: Kula kwa Nafuu Kigoma na Ujiji

Mama anayenunua mawese ya kupima kila jioni pale soko la Mwanga, kikombe leo na kikombe kesho, mwisho wa mwezi huwa amelipa zaidi ya jirani yake aliyebeba dumu la lita tano kwa mara moja. Ndivyo ilivyo kwa maharage ya kopo na maharage ya debe, kwa mkaa wa ndoo na mkaa wa gunia, kwa dagaa wa fungu na dagaa wa kilo. Katika mji wetu mwenye hela kidogo ndiye anayekula kwa bei ya juu. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba ughali huo una majira yake: zipo siku za mwezi na miezi ya mwaka ambapo kitoweo kilekile hushuka bei, na siku hizo hujulikana mapema. Familia ikiwa na fedha ya mkupuo siku hizo, itapunguza gharama bila kumpunguzia mtoto sahani. Maarifa ya kuhifadhi chakula hayajapungua Kigoma. Kinachopungua ni hiyo fedha ya mkupuo, tena siku inayotakiwa.

Ushauri mwingi wa kubana matumizi ya jikoni unaotufikia kwenye simu umezaliwa kwingine. Marekani, tangu kampuni ya Coca-Cola ilipoanza kugawa vikaratasi vya glasi ya bure mwishoni mwa miaka ya 1880, kuponi zimekuwa silaha ya mama wa nyumbani: anazikata gazetini, anakwenda nazo dukani, anapunguziwa bei, kisha Jumamosi anapika vyakula vya wiki mbili na kuvigandisha. Mpango huo unahitaji bidhaa ya kiwandani, bei iliyoandikwa, na kampuni iliyo tayari kulipia punguzo. Kitoweo cha Kigoma kinatoka majini na shambani, na bei yake hutajwa kwa mdomo. Hakuna wa kutoa kuponi ya samaki aina ya migebuka.

Tena, kwa Mtanzania mwenye umri wa kutosha, karatasi ya kuchukulia chakula haimkumbushi punguzo. Inamkumbusha mwanzo wa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipogawiwa kwa mgawo kupitia balozi wa nyumba kumi na maduka ya kaya. Na kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, maelfu ya wakimbizi wamekula kwa mgawo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa miaka mingi. Jaribio la kuwapa fedha badala ya unga na maharage lilianza mwishoni mwa 2016 na kusitishwa mwaka uliofuata. Kinachokaribia kuponi sokoni kwetu ni nyongeza, ule mkono mmoja wa dagaa anaoongezewa mteja wa siku zote. Nyongeza ina thamani, na anayehamahama kila siku kutafuta bei ya shilingi hamsini pungufu huikosa.

Tuingie kwenye kalenda yenyewe ya siku za bei nafuu, na ya kwanza iko angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Vipe, yaani boti za uvuvi huo, hutoka jioni Kibirizi, Katonga na Ujiji. Taa, zamani karabai na siku hizi za betri na za sola, huwavuta dagaa waje juu, na migebuka hufuata nyuma kuwala. Mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa ziwa zima, taa za mvuvi zinakosa kazi, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Giza likirudi, dagaa nao wanarudi mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Kwa hiyo kila mwezi mwandamo una siku za neema na siku za ukata, na katika mji kama Ujiji, unaofuata mwandamo kwa ajili ya funga na Idi, hakuna nyumba isiyojua mwezi umefika wapi.

Bei inafuata hapohapo. Alfajiri ya usiku mzuri wa giza, boti zikishusha kwa pamoja, dagaa wabichi hawamsubiri mtu. Jua likishapanda, muuzaji aliyekuwa na msimamo saa kumi na mbili asubuhi anaanza kulegea saa nne, kwa sababu mzigo wake unaharibika mbele ya macho yake. Anayenunua saa hiyo lazima awe na pa kuanika. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu, hivyo kabla hujafurahia bei ya ndoo, igawanye kwanza kwa uzito utakaobaki.

Kazi ya kuanika inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo nafuu hupatikana au hupotea. Chanja ni meza ndefu ya miti, kimo cha kiuno, iliyotandikwa wavu. Dagaa humwagwa, wakasambazwa kwa viganja ili wasilaliane, wakageuzwa jua linapohama. Hewa inapita juu na chini. Kwenye jua kali la kiangazi wanaweza kuwa tayari jioni ileile: ukimkunja mmoja anavunjika katikati. Akijikunja bila kuvunjika bado ana maji, na ukimfungia hivyo ataota ukungu. Wanaoanika mchangani huokoa gharama ya miti na nyavu, lakini dagaa wao hubeba mchanga, na mnunuzi wa kilo ya dagaa wa mchanga amelipia mchanga pia. Mradi wa FISH4ACP wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliuchagua mnyororo wa dagaa na migebuka wa ziwa hili kuwa kazi yake Tanzania, na chanja zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ni uamuzi mzuri. Masika ya Kigoma ni marefu, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na mvua ya saa moja juu ya dagaa waliotandazwa chini inafuta faida ya wiki nzima.

Dagaa aliyekauka sawasawa hukaa miezi kadhaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ilimradi arudishwe juani mara mojamoja. Asipuliziwe dawa ya wadudu kamwe, hata kama anayeuza dawa anasema haina madhara. Asiwekwe kwenye gunia lililobeba mbolea au sumu ya shambani. Nasisitiza kwa sababu kitoweo hiki ndicho kinachowajenga watoto wetu: dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ina chokaa ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiwango hicho. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Nyumba inayookoa hela kwa kumwondoa dagaa kwenye ugali inapoteza zaidi ya inachookoa.

Mwaka 2024 kalenda ya ziwa iliongezewa tarehe nyingine. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha, na uvuvi ukasimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sababu za kulipumzisha ziko wazi. Wavuvi wameongezeka, nyavu za macho madogo zimeongezeka, na ziwa lenyewe linapata joto: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani, chakula cha msingi cha viumbe wa ziwani, umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kuwa limepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Maji ya juu yakiwa moto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Kwa upande wa jikoni, miezi mitatu ya kufunga ziwa ni jambo linaloweza kupangiwa tangu Machi na Aprili. Lakini wafanyabiashara hupanga pia, na wana mtaji. Dagaa wa Kigoma husifiwa hadi Kariakoo, nao wanunuzi wa Burundi na Kongo hawako mbali. Mama wa Gungu, hapa mjini, anashindana na wote hao akiwa na hela ya siku moja mkononi.

Kalenda ya pili ni ya shamba. Maharage na mahindi hushuka Kigoma mjini kutoka Kasulu, Buhigwe na Kibondo, na bei huwa chini wakati wa mavuno kisha hupanda taratibu mpaka msimu unaofuata. Kila mkulima na kila mlanguzi anaishi kwa pengo hilo. Nyumba ya mjini inaweza kuishi kwalo pia, kwa kununua gunia wakati wa mavuno, ila gunia lina maadui. Maharage huliwa na fukusi ambao mayai yao mara nyingi hutoka nao shambani. Mahindi yana dumuzi, mdudu aliyeingia Afrika kupitia mkoa wa jirani wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 au kabla yake kidogo, na wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyosomba. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, huwaua wote bila sumu: wadudu wanamaliza hewa iliyomo, kisha wanakufa. Mfuko mmoja unatumika misimu zaidi ya mmoja usipotoboka. Ila hautibu unyevu. Nafaka isiyokauka ikifungiwa humo huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, iliyoua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kwenye kununua gunia kuna jambo la vipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria na inamwibia mkulima. Sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, ikibonyezwa kitako inamwibia mlaji. Dai mzani. Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo.

Muhogo una ghala lake lisilo na gharama, nalo ni ardhi. Familia yenye robo eka pembezoni mwa mji haina haja ya kung'oa shamba lote. Ing'oe ya wiki hii, mingine ibaki udongoni kwa miezi, na majani yake yawe sombe ya kuungwa kwa mawese. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa kwa siku zake zote bila kufupisha, kwa maana sumu yake hulemaza miguu ya watoto na kina mama. Njia za mkato huzidi pale njaa inapokaribia, nazo hudhuru zaidi wakati huohuo.

Sasa friza. Miaka mingi Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na kugandisha chakula cha mwezi lilikuwa jambo la kubahatisha. Hali imebadilika tangu mkoa ulipoanza kupokea umeme wa gridi ya taifa, na mafriza yamezagaa hadi Mwandiga. Je, friza linaokoa hela? Tufanye hesabu kwa bei zilizowekwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi katika mwezi huo, uniti za ziada ni Sh 350 kila moja. Na anayezidi kwa kawaida huwekwa kundi la Sh 292 kwa uniti zote. Kodi na tozo huongeza karibu asilimia 22. Friza la kawaida la nyumbani hula takriban uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, yaani 30 hadi 45 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 45 kwa taa, runinga na pasi inaweza kufika 85. Uniti 75 za kundi la chini ni kama Sh 9,150 kwa mwezi. Uniti 85 za kundi la juu ni kama Sh 30,300. Pengo la Sh 21,000 linanunua maharage mengi. Kwa nyumba ya watu sita isiyouza chochote, friza linaokoa hela pale tu nyumba inapobaki chini ya uniti 75, na hilo linawezekana kwa friji dogo na nidhamu ya pasi.

Nyumba nyingi za Ujiji zimeshapata jibu lao: friza linajilipia. Linauza barafu, maji baridi na juisi ya ubuyu, na chakula cha familia kinakaa pembeni bila kudaiwa nauli. Ndani yake mna vifuko vya maharage yaliyochemshwa, migebuka iliyokatwa vipande, nyanya zilizosagwa na kukaushwa maji jikoni. Kuelekea Ramadhani mna sambusa mbichi zilizokunjwa na kina mama kwa pamoja wiki moja kabla, nyama ikiwa haijapanda. Sioni upishi wa kuhifadhi ulio bora kuliko huo wa sambusa: kazi imegawanywa, bei imewahiwa, na mfungaji anapumzika saa za alasiri. Kuhusu umeme kukatika, friza lililojaa lisipofunguliwa hushika baridi karibu siku mbili, lililo nusu tupu siku moja. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji. Kilichoyeyuka kabisa na kupata joto kisirudishwe kugandishwa.

Lakini mimi naona faida kubwa ya kupika kwa wingi iko chini ya sufuria. Maharage yakishachemka, moto hufanya kazi ya kurudishia joto linalopotea tu, na sufuria la kilo tatu halipotezi joto mara tatu ya sufuria la kilo moja. Mkaa unaopika maharage ya leo ungeweza kupika ya siku tatu kwa nyongeza kidogo. Loweka usiku kucha, umwage maji, chemsha mara moja, gawa: ya leo yaungwe, mengine yakaushwe maji na yapozwe upesi kwenye sinia pana kabla ya kuwekwa kwenye baridi. Asiye na friji achemshe ya siku mbili tu, na ya pili yachemshwe upya asubuhi na jioni. Magadi hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1.

Hapa umeme unaingia kwa mlango mwingine. Jiko la umeme la presha hupika kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa mwenye bei ya chini hiyo ni pungufu ya Sh 122, na hakuna mkaa wa bei hiyo unaoivisha maharage popote mjini. Gesi inafika kwetu kwa safari ya kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na bei ya mtungi inaonyesha. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa Kigoma, chombo cha kusaidia nyumba maskini ikinunue kwa awamu ni hicho cha presha, kabla ya friza na kabla ya mtungi.

Yote haya yanarudi kwenye fedha ya mkupuo, na hapo kuna mambo mawili yanayokwenda mrama. La kwanza ni vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Vingi huvunjwa Desemba. Mwezi huo mahindi na maharage ya ghala yamepanda, mavuno mapya bado, na Januari ada na sare za shule zinagonga mlango. Mavuno yakifika, kikoba kimefungwa. Kundi linaweza kutenga mfuko mdogo wa chakula unaovunjwa mara mbili: kabla ya 15 Mei katika mwaka ambao ziwa linafungwa, na tena wakati wa mavuno. Nyumba tatu zikinunua gunia moja na kugawana nauli, kila moja inapata bei ya jumla bila kuhitaji hela ya gunia zima.

Fedha za mvuvi nazo hufuata mwezi: giza hela zipo, mbalamwezi daftari la dukani linajaa madeni. Anayegeuza sehemu ya hela ya giza kuwa dagaa wakavu, unga na mafuta amejikinga na bei ya dukani siku za ukata. Wengine husema akiba ya chakula inawaita ndugu, na ni kweli. Atakuja shangazi, atakuja jirani na bakuli. Mimi silihesabu hilo kuwa hasara moja kwa moja, kwa sababu bakuli hizo hurudi. Nyumba nyingi za pwani hii zimevuka mbalamwezi kwa dagaa wa nyumba ya pili. Lihesabiwe kwenye mpango tangu mwanzo, kwa kununua kidogo zaidi.

La pili ni hela ya matumizi inayoachwa kila asubuhi. Mume anayeacha Sh 5,000 kwa siku anatoa Sh 35,000 kwa wiki, na mkewe halazimiki kuwa mjinga ili anunue kwa fungu. Hela hiyo haitoshi kitu kingine. Akipewa zote kwa pamoja ananunua dumu la mawese, sado za maharage na dagaa wa mwaloni kwa bei ya asubuhi ya giza, na kazi yote ya kuanika na kugawa, ambayo kwa kawaida hubaki mikononi mwake, inakuwa na faida anayoiona. Baadhi ya waume huogopa kwamba zitaisha Jumatano. Basi waanze na vitu viwili tu, mafuta na maharage, kwa mwezi mmoja mwandamo, na daftari liwe wazi kwa wote wawili. Mboga na viungo viendelee na hela ya kila asubuhi mpaka waone.